Usisaini hiyo karatasi kesho

Kijana wa Mabanda ya Papa hapa Tanga, nimeusoma uzi wako wote na sina habari na ulichouliza. Umeuliza kama uhamie Dar, umeuliza kama upitie kwanza TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, umeuliza utafanyaje usikaririwe kwenye nafasi moja. Halafu katikati, kwenye mstari mmoja, tena kwa furaha, unasema kuna tamthilia imekupa nafasi ya mlinzi wa getini, jina la huyo mlinzi umelibuni mwenyewe na "limewafurahisha sana", umetumiwa ukurasa wa mwisho wa mkataba kwenye WhatsApp, na kesho saa nne asubuhi unakwenda hotelini Raskazone kusaini na kupokea laki nane.

Hapo ndipo chai ilinipalia.

Usisaini kesho. Waambie unaumwa tumbo. Waambie umefiwa, na kama huna wa kumuua niue mimi, nimekuruhusu. Saini wiki ijayo ukitaka, lakini mkataba mzima, kuanzia ukurasa wa kwanza, ulale kwako kwanza. Ukiishia kusoma hapa imetosha. Wengine kaeni niwaeleze.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani. Humu mnanijua kwa picha ya jogoo. Huko nje wengi mnanijua kwa jina jingine, ambalo kwa mujibu wa barua ya wakili niliyo nayo kabatini siruhusiwi kujitangazia, ndiyo maana nalitaja nikiwa nyuma ya jogoo. Kuigiza nilianza kwenye vikundi vya mtaani, vichekesho vya shuleni na kwenye sherehe. Kamera za Dar zilipokuja Tanga kushuti tamthilia (sitaitaja, na mnaoijua msiitaje), nikapewa nafasi ya mjumbe wa nyumba kumi. Kwenye skripti ameandikwa MJUMBE, basi. Anaingia, anaulizia mgeni aliyeingia mtaani, anatoka. Hana jina, hana tabia, hana hata kofia.

Nikampa mimi. Nilimkumbuka mzee mmoja wa enzi za utoto wetu, alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba na daftari, na sijui alikuwa na saa gani kichwani, kila anapofika ndipo chungu kinateremshwa. Unamkaribisha, anakataa. "Sikai, napita tu." Na wakati anasema hivyo mguu umeshavuta kibao. Nikamwita Mzee Kisebusebu. Kalamu nikaipachika sikioni, daftari kwapani, na kicheko cha puani kinachotangulia kabla mzaha haujafika. Siku ya kwanza mpiga kamera alicheka mpaka sini ikabidi irudiwe. Dairekta akasema, "Mzee, hapo hapo, usibadilishe kitu." Kijana aliyekuwa anaandika skripti akaanza kuniongezea sini. Hadithi ilitaka nife mapema. Wakanifufua, ikasemekana nilikuwa nimekwenda Pangani kwa mwanangu.

Mpaka wakati huo hatukuwa tumesaini chochote. Jioni bahasha, asubuhi kazi. Ndipo siku moja tuko Raskazone, mwanga unaondoka, dairekta anapiga kelele kwamba sini hii isipopatikana leo basi, mimi nimepakwa poda ya mtoto kwenye ndevu ili nizeeke zaidi ya nilivyo, akaja binti wa ofisini kwao na faili. Karatasi za Kiingereza, herufi ndogo, zimebanana. Akaziweka juu ya boneti ya Noah. "Mzee, hapa, hapa, na hapa." Boneti bado ina moto wa injini, naiona karatasi inajikunja pembeni. Nikamgeukia meneja wangu.

Meneja! Mtu tuliyekua naye Makorora, hajawahi kusimamia hata genge la nyanya. Alijipa umeneja siku aliyoniona kwenye televisheni. Nikamuuliza, inasemaje hii? Akazipekua kurasa kwa kidole gumba, akasafisha koo, akasema, "Ya kawaida tu. Inasema watakulipa na wewe hutawasumbua." Namsifu kwa jambo moja: hiyo nusu ya pili aliitafsiri vizuri kabisa.

Nikasaini. Kwa kalamu ya Mzee Kisebusebu, ile ile ya sikioni. Poda ikadondokea kwenye sahihi, yule binti akainama akaipuliza, akafunga faili. Laki sita. Meneja akakata asilimia ishirini yake pale pale, bahasha haijagusa mfuko wangu. Nikaomba kopi, nikaambiwa nitatumiwa. Kopi niliiona mara ya kwanza ikiwa imeambatanishwa na barua ya wakili wao.

Sasa sikia ilichosema, kwa Kiswahili nilichosomewa baadaye. Nimeuza haki zote za mhusika: jina, maneno yake, kicheko, mavazi, mwenendo. Nimeuza sauti na taswira yangu nikiwa huyo mhusika, kwa matumizi yoyote, nchi yoyote, kwa teknolojia iliyopo na itakayogunduliwa, milele, bila malipo mengine. Na mimi mwenyewe nisimwigize mhusika huyo popote bila ruhusa yao ya maandishi. Laki sita, toa ya meneja. Nilidhani nauza madafu, kumbe nimeuza mnazi na kiwanja ulichosimama.

Tamthilia ikapendwa. Ikarudiwa mchana kwa waliokosa usiku, ikarudiwa ilipokwisha, vipande vikapandishwa mtandaoni na matangazo juu yake. Mimi niko Ngamiani naziba pancha. Wateja wanasimama, wanacheka, wananiambia Mzee Kisebusebu, kumbe baiskeli unatengeneza kwa kupenda tu! Walijua nina nyumba Mbezi. Nauli ya daladala ya kwenda Kange nilikuwa nakopa kwa muuza kahawa.

Siku moja shemeji yenu akarudi kutoka kwenye shughuli na leso mpya. Akaitandaza kitandani ili niisome jina: SIKAI NAPITA TU. Pembeni kuna kimchoro cha mzee na kalamu sikioni. Ameinunua kwa pesa yake, au tuseme pesa yangu, ya pancha. Nikanyamaza, akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Na ninyi chekeni, hamna ada.

Msimu wa pili ulipokaribia nikaomba waniongeze. Sikuomba makuu, niliomba nilipwe kwa epizodi badala ya kwa siku, kwa sababu siku moja ya kushuti walikuwa wanatoa vipande vya epizodi kadhaa. Wakasema watanipigia. Nikaja kumuona Mzee Kisebusebu kwenye televisheni ya kinyozi, nimekaa na shuka shingoni, nusu ya kichwa kimenyolewa. Kalamu sikioni, daftari kwapani, kicheko cha puani, na mtu siye mimi. Mwenzangu yule sina ugomvi naye, ana watoto kama mimi, aliitwa akaenda. Kinyozi akazima mashine akaniangalia kwenye kioo. Hakusema kitu, na mimi sikusema, akawasha tena.

Mwanzoni watazamaji walilalamika mitandaoni: huyu siye, mrudisheni mzee wetu. Nikafarijika kweli kweli, nikawa nasoma maoni usiku kuliko Kurani. Mwenyezi Mungu anisamehe. Kisha wakamzoea. Hilo liliniuma kuliko barua.

Maana barua nayo ilikuja. Nilialikwa Muheza kuchekesha harusini, wenye shughuli wakabandika bango lenye picha yangu na jina la Mzee Kisebusebu. Mtu akalipiga picha, likafika Dar kabla ya wali kuiva. Notisi ikaja: niache mara moja kujiita, kujinadi au kujifananisha na mhusika huyo. Kujifananisha! Kicheko kile nacheka hata usingizini, muulizeni mwenye leso.

Nikamtafuta wakili, kijana mmoja mstaarabu, ofisi yake si mbali na mahakama. Akasoma taratibu, anapiga mistari kwa penseli. Akaniuliza, "Mzee, hili neno 'Sikai, napita tu' alilitunga nani?" Nikamjibu mimi. "Limeandikwa wapi kwamba ni lako?" Nikamwonyesha kichwa changu. Akacheka kwa adabu.

Akanieleza ambacho natamani ningeelezwa pale kwenye boneti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimtambui mtunzi peke yake, inamtambua na mtendaji, yaani mimi na wewe tunaosimama mbele ya kamera. Na hakimiliki haingoji usajili, inaanza pale kazi inapotungwa. Lakini sentensi fupi ya mzaha, kicheko, kalamu sikioni, nenda navyo mahakamani uone ilivyo kazi kumshawishi hakimu kwamba hivyo ni mali ya mtu. Jina ningeweza kulipeleka BRELA, wale wasajili wa biashara, likasajiliwa kuwa alama ya biashara kwa jina langu kabla sijatia mguu lokesheni. Inakaa miaka saba, kisha unaihuisha kwa miaka kumi kumi. Sikujua. Kwa hiyo kinga niliyobakiwa nayo ilikuwa mkataba, na mkataba wenyewe ndio ulioniuza.

Sasa wewe mchangiaji wa nne hapo juu, uliyemwambia kijana "chukua hela mdogo wangu, kwani una jina gani la kuibiwa?" Wewe nina neno na wewe. Ndiyo hoja ya meneja wangu, neno kwa neno. Jina kwanza, pesa baadaye. Swali ni jina la nani.

Stelingi, yule mwigizaji mkuu, anauza jina lake. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, nchi ilimlilia Kanumba. Wale aliowaigiza kwenye filamu zake, wengi majina yao hatuyakumbuki. Sisi wa pembeni, wajumbe, walevi, waganga, mama wakwe, walinzi wa getini, kwetu mambo yamegeuka. Nani hapa Tanga alisimama njiani akamwita mzee wetu Amri Athumani? Alikuwa King Majuto. Nani alimwita Said Ngamba? Mzee Small. Hussein Mkieti wa hapo Muheza alikuwa Sharo Milionea mpaka ajali ilipomchukua Novemba 2012. Lakini angalieni: majina hayo walitembea nayo wenyewe, kazi hii hadi ile, prodyuza huyu hadi yule. Uliyemtaka Majuto ulimpigia Majuto. Mzee Kisebusebu alizaliwa ndani ya nyumba ya watu na hati ya kuzaliwa wanayo wao. Anayemtaka anawapigia wao, na wao wakitaka wanamvisha mtu mwingine.

Na ndiyo maana inauma zaidi, kwa sababu kazi yetu hii ikishikwa vizuri ni ndefu kuliko ya stelingi. Stelingi akipata mikunjo simu zinapungua. Sisi mikunjo ndiyo mtaji. Marekani huko alikuwepo mtu anaitwa Walter Brennan, hakuwa sura ya kuweka kwenye bango, alicheza vizee na wapambe, na alibeba Oscar tatu za mwigizaji msaidizi kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, halafu uzeeni akahamia kwenye televisheni akaendelea kula. Mlinzi wako wa getini unaweza kumcheza ukiwa na miaka ishirini na sita na ukamcheza ukiwa na sitini, anazidi kunoga. Ila awe wako.

Kuna atakayeniambia Majuto jina lilikuwa lake na bado hakutajirika. Kweli kabisa. Karatasi zilimsumbua na yeye. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, habari za mikataba yake ya matangazo zilifika mpaka wizarani, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee akafia Muhimbili Agosti 8 mwaka huo huo. Mtu mwenye jina lile, aliyeigiza tangu utotoni, anayejulikana mpaka na watoto wa chekechea. Sasa wewe wa Mabanda ya Papa unakwenda kusaini ukurasa wa mwisho.

Tabia hii ya kulipwa mara moja ukasahauliwa ilitoka wapi? Ilitoka enzi za kanda na DVD. Prodyuza anamuuzia msambazaji filamu jumla jumla, anaondoka na chake, na wewe mwigizaji umeshalipwa chako lokesheni. Wakati ule tulivumilia, filamu ilikuwa na msimu wake sokoni, ikija mpya ile ya zamani inatupwa. Vikaja ving'amuzi, analojia ikazimwa Dar Desemba 31, 2012, chaneli zikaongezeka na zote zina njaa ya vipindi saa ishirini na nne. Tamthilia siku hizi haizeeki, inarudiwa, na mtandaoni ndiyo haifi kabisa. Karatasi wanazotupa bado ni zile za enzi za DVD, wameongeza tu kile kipengele cha teknolojia itakayogunduliwa.

Na hicho msikichukulie kama maneno ya kujaza ukurasa. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960 ndipo wakaanza kulipwa filamu zao zikionyeshwa kwenye televisheni, na waliocheza filamu za kabla ya hapo wakabaki kujitazama bure. Mwaka 2023 wakagoma tena, siku 118, na moja ya hoja safari hiyo ilikuwa sura na sauti zao kunakiliwa kwa akili mnemba bila ridhaa. Wale wana chama chenye nguvu na mawakili jengo zima. Wewe una simu yenye kioo kilichopasuka, umesema mwenyewe ndiyo maana huoni vizuri ukurasa waliokutumia.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia mpaka msimamizi wa jukwaa anifungie. Mkataba ulale kwako. Kurasa zote, na Kiswahili chake kama wa kwao ni Kiingereza. Ukishalala kwako, asubuhi mpelekee mtu ausome ambaye hana asilimia ndani yake. Hapo ndipo nilipoangamia: pale kwenye boneti kila aliyenizunguka alikuwa na chake. Binti anataka sahihi, dairekta anataka mwanga, meneja anataka ishirini yake. Hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye nisiposaini yeye hapotezi kitu. Usiniambie huna pesa ya wakili. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo, ulizia ofisi za halmashauri watakuelekeza. Au mwalimu wako wa sekondari aliyestaafu, mradi hapewi kitu.

Watakwambia hakuna muda. Muda upo. Nimefanya kazi baadaye na prodyuza mmoja, nikamwambia nataka nilale na mkataba, akasema, "Chukua, mzee, tuonane Jumatatu." Na yeye alikuwa na haraka kama wenzake. Anayekwambia leo leo au nafasi inakwenda kwa mwingine, mwangalie vizuri: ana magari ya kukodi yanasubiri, ana bili ya hoteli inapanda, ana sini alizoshaandikiwa mlinzi mwenye jina uliloleta wewe. Kukubadilisha asubuhi ya kushuti kunamgharimu. Watu wa Dar wamezoea kututania, ati Tanga waja leo waondoka leo. Hao wenye kamera ndio hasa wanaokuja leo na kuondoka leo, na wakiondoka wanaondoka na faili.

Cha kutafuta humo ndani, tafuta jina la mlinzi. Mengine yote ukishindwa achia, hilo ng'ang'ana nalo. Iandikwe kwamba jina na mhusika ni ubunifu wako na unawaruhusu kumtumia kwenye tamthilia hiyo tu. Wakitaka kumpeleka kwenye tangazo la unga, la rangi, la sabuni, uwe mkataba mwingine na pesa nyingine. Wakikuondoa, aondoke na wewe, waandike mlinzi mwingine. Marudio na mtandao waombe chochote, hata kidogo, wakikataa usivunje kazi kwa ajili hiyo. Na kabla hujaenda kwao, leo usiku, jirekodi kwenye hiyo simu yako ukimcheza huyo mlinzi, tembea yake, sauti yake, jina lake, umtumie mtu unayemwamini ili tarehe ibaki mahali. Ningekuwa na kipande kimoja cha namna hiyo, yule wakili asingecheka kwa adabu.

Na wakikataa kabisa? Wakisema jina ni lao au hakuna kazi? Basi cheza, chukua laki nane zako, lakini mlinzi aitwe Juma. Rudisha jina lako nyumbani. Rudisha na tembea yake na ile sauti. Wape mlinzi wa kawaida, anafungua geti, anafunga geti, shikamoo bosi. Juma ni wengi, hakuna wakili atakayekuandikia barua ukijiita Juma harusini Muheza. Yule wa kwako msubirishe. Atapata geti jingine.

Huyo meneja wangu mnayeniuliza inboksi, yupo, mzima wa afya. Siku hizi anasimamia vijana kadhaa, amefungua ukurasa, anajiita mshauri wa vipaji. Kama katika hao waliokuunganisha na tamthilia kuna mtu wa Makorora mwenye sauti ya mtu aliyesoma, anayesafisha koo kabla ya kusema "ya kawaida tu hii", kimbia. Ukijikwaa inuka ukimbie tena. Tukipishana barabarani ananipungia mkono, nami nampungia. Mkono mwingine unakuwa na spana, lakini hiyo ni kazi tu.

Uliuliza na TaSUBa. Chuo kizuri, kipo tangu 1981, kimetoa watu. Wakikuchukua nenda, ila siku ya kwanza waulize ni nani pale anayefundisha kusoma mkataba. Na Dar, hilo la Dar, wapo wanaoishi huko watakujibu. Lile la kukaririwa... kijana, omba ukaririwe! Mimi natamani wangeendelea kunikariri.

Nitumie kurasa zote inboksi, ziombe usiku huu huu, na namba yako ya NIDA ifiche. Niko macho. Na wewe mchangiaji wa saba uliyemuomba kijana alitaje hilo jina la mlinzi humu ili "tulipime kama linachekesha", nakuona. Kijana, usilitaje.